Uhariri wa Kitaaluma na Ladha ya Usomaji: Mfano wa The Hobbit

Je, mhariri akutanapo na matoleo mawili ya kazi moja yasiyoafikiana, alifiche la awali? Makala hii inashikilia kuwa kufanya hivyo ni kumpunja msomaji. Mfano wetu ni The Hobbit, riwaya ya kifantasia ya J.R.R. Tolkien.

Katika toleo la 1937, Gollum anaahidi kumtuza Bilbo pete endapo Bilbo atamshinda katika mchezo wa vitendawili. Anaposhindwa haioni pete, hivyo anaomba radhi na kumwonyesha mgeni njia ya kutokea. Katika toleo la 1951, pete haikuahidiwa kamwe, na Gollum anamlaani Bilbo kwa kuwa mwizi. Mabadiliko haya yalitokana na The Lord of the Rings (1954–1955), ambamo pete hiyo ni chombo cha uovu kinachomtawala mwenye kukimiliki. Humo, Tolkien anaigeuza simulizi ya awali kuwa uongo wa Bilbo mwenyewe.

Hivyo basi, ayajuaye matoleo yote mawili huuona uongo huo kuwa dalili ya kwanza ya pete kumharibu Bilbo. Hapa ndipo ilipo thamani ya toleo la Douglas A. Anderson la 1988, linaloonyesha mabadiliko hayo katika maelezo yaambatanayo na matini.

Nasi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tutaje toleo tunalolihakiki, na tuhariripo tusisawazishe tofauti kimyakimya.