Mwenye Nyumba ya Wageni

Somo kwa wazee wa kanisa na walimu. Someni kwanza Luka 10:30–37 na Kutoka 18:13–23.

1. Habari ya Msamaria mwema twaijua tangu utoto wetu. Lakini yumo mtu mwingine katika mfano ule ambaye mara chache twamkumbuka: ni mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alikaa usiku mmoja, akatoa dinari mbili, akaenda safari yake. Yule mwingine akabaki na mgonjwa mpaka apone. Hatukuambiwa jina lake, wala kama alikuwa na wa kumsaidia.

2. Siku hizi pia wako wengi walioanguka kati ya wanyang'anyi, nao wanyang'anyi hao ni pombe, bangi na heroini. Kanisa letu lina kazi ya zamani ya kuwapokea wanaoteseka: kule Lutindi, katika milima ya Usambara, nyumba iliyokuwa kwanza ya watoto waliookolewa utumwani ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Na mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa waliofungwa na heroini dawa iitwayo methadoni. Baadaye miji mingine ikafuata.

3. Dawa hii haina Jumapili wala sikukuu. Kwa kawaida mgonjwa huja kila siku, naye hunywa kipimo chake mbele ya macho ya mtumishi aliyefundishwa. Akikosa siku kadhaa mfululizo, hapewi tena kipimo kile kile pasipo kuchunguzwa, maana mwili umepoteza mazoea, na kilichomtuliza juzi chaweza kumwua leo. Tena akirudia heroini kwa kiasi cha zamani, aweza kufa. Kwa hiyo dirisha la dawa halina budi kufunguliwa kila asubuhi. Wengine husema kwamba huku ni kubadili ulevi kwa ulevi. Sivyo: kipimo kilicho sawa hakimlevyi mtu, bali hutuliza kiu yake, apate kufanya kazi na kukaa na watoto wake.

4. Basi, ni nani atakayelifungua dirisha hilo? Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache sana katika nchi yetu, na wauguzi na washauri hawatoshi. Mmoja akiugua, mwenzake hubeba kazi ya wawili. Dawa hutolewa, lakini mazungumzo hukatwa, na mgonjwa aliyekuja na neno zito moyoni hurudi nalo barabarani. Kisha mtumishi mwenyewe huchoka, akaondoka. Tusimhukumu. Hata Musa, aliyesema na Mungu, aliambiwa na mkwewe Yethro ya kuwa atadhoofika, yeye pamoja na watu wake, kwa kuwa mzigo ulikuwa mzito kuliko mtu mmoja. Yethro hakumkemea kwa uvivu, bali alimwonyesha namna ya kuugawa.

5. Na sisi tuugawe vivyo hivyo. Kupima dawa si kazi yetu. Hiyo ni ya waliofundishwa. Wala asiwepo mwalimu amwambiaye mgonjwa aache dawa kwa sababu ameombewa. Lakini kumsindikiza asubuhi, kumtafuta asipoonekana, kumpa kazi shambani, kuketi na mama yake anayelia: hayo hayahitaji cheti. Waliokwisha kupona nao wawe wasaidizi, maana wanaijua njia. Tena usharika waweza kumlipia karo kijana mmoja asomee uuguzi. Hizo ndizo dinari zetu mbili. Mara nyingi tumempeleka mgonjwa mlangoni, tukamshukuru Mungu, tukarudi nyumbani. Lakini Msamaria aliahidi kurudi.

Maswali ya kujiuliza:
(a) Katika usharika wetu, ni nani anayewauguza waliofungwa na ulevi, naye husaidiwa na nani?
(b) Ni kazi gani iliyo mikononi mwake ambayo sisi twaweza kuipokea juma hili?
(c) Tulipompeleka mgonjwa wa mwisho, je, tulirudi kumwangalia?

Bwana atupe moyo wa kurudi. Amina.