SOMO LA FIZIKI: MZIGO UKAE FASI GANI?



Kila siku tunaona vijana wakisukuma pusupusu katika Kindu, na wengine wakileta mpunga na mafuta ya mawese kwa baiskeli toka upande wa Alunguli. Mtu akianguka tunasema: «Mzigo ulikuwa mzito mno.» Mara nyingi uzito si neno. Neno ni fasi mzigo ulipowekwa. Tujifunze jambo hili kwa remorke inayovutwa na motokari.

1. Remorke ni mizani
Remorke ya magurudumu mawili inalala juu ya esiyo, ndiyo chuma kinachoshika magurudumu. Mbele iko na mkono unaofungwa nyuma ya motokari. Ukiweka mzigo mbele ya esiyo, mkono unalemea chini. Ukiuweka nyuma, mkono unataka kupanda juu.

Hesabu: mzigo ni kilo 1000, na katikati yake ni sentimetre 30 mbele ya esiyo. Toka esiyo mpaka fasi ya kufungia ni metre 3.
1000 × 0,30 : 3 = 100
Basi mkono unalemea motokari kwa kilo 100.

2. Motokari nayo ni mizani
Kilo 100 hizo zinalemea metre 1 nyuma ya magurudumu ya nyuma. Toka magurudumu ya nyuma mpaka ya mbele ni metre 2,50.
100 × 1 : 2,50 = 40
Magurudumu ya mbele yanapunguziwa kilo 40. Ya nyuma yanaongezewa kilo 140. Sasa angalieni: magurudumu ya mbele ndiyo ya kugeuzia. Yakiwa mepesi katika matope, shofere anazungusha usukani lakini motokari inaendelea mbele tu.

Mwingine atasema: «Basi, tuweke mzigo nyuma ya esiyo.» Hapana! Remorke inayolemea nyuma inatikisika kushoto na kuume kama mkia wa samaki, zaidi kwenye mtelemko, na inaweza kupindua motokari. Kwa sababu hii Wamarekani wanaovuta nyumba za magurudumu hushika kanuni: katika kila kilo 100 za remorke, mkono ulemee kilo 10 mpaka 15.

3. Vyuma vya kugawa uzito
Kwa remorke nzito wao hutumia vyuma viwili virefu vyenye kunyumbuka. Vinaanzia fasi ya kufungia, vinapita chini ya mkono wa remorke, na vinavutwa juu kwa minyororo. Fikiri buruwete: ukiinua mikono yake, gurudumu la mbele linalemewa zaidi. Ni vivyo hivyo: sehemu ya uzito inarudi kwa magurudumu ya mbele ya motokari, na sehemu nyingine inakwenda kwa magurudumu ya remorke. Lakini vyuma havipunguzi hata kilo moja ya mzigo wote, wala haviponyi remorke iliyopakiwa vibaya.

4. Na sisi je?
Kanuni ni ile ile. Katika pusupusu, mzigo ulemee kidogo upande wa mikono. Ukilemea upande mwingine, mikono itapanda na kijana ataning'inia, hasa akiwa katika kushuka mtoni. Kwa baiskeli, bido zikiwa nyuma kabisa ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele linainuka. Zifungeni chini, karibu na katikati, sawasawa pande mbili. Kazeni kamba, maana mlimani mzigo hutelezea nyuma. Mwenye mali akiwa na haraka ya kupakia, mwambieni kwa heshima angojee kidogo. Anayeumia ni yule anayeshika mikono.

Zoezi
Pusupusu iko na mzigo wa kilo 200, sentimetre 15 nyuma ya esiyo. Mikono inashikwa metre 1,50 mbele ya esiyo. Kijana atashindilia kwa kilo ngapi ili mikono isipande? Mzigo uhamishwe wapi ili asishindilie kitu?
(Jibu: kilo 20, katikati ya mzigo iwe juu ya esiyo kabisa.)