Wazee Wetu na Pensheni Jamii: Somo kwa Waalimu wa Pemba

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 twasoma khabari za wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku. Chakula kilikuwapo, na wagawaji walikuwapo, lakini wajane wale walipitwa. Mitume hawakuwaambia wavumilie tu; wakachaguliwa watu saba waliangalie jambo hilo. Kazi ya wale saba ndiyo twataka kuinena, maana kisiwani kwetu nako wamo wazee wapitwao.

Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar huwapa wazee fedha kila mwezi, nazo zaitwa Pensheni Jamii. Mwanzo zilikuwa shilingi 20,000, baadaye zikaongezwa. Si sadaka, wala mtu haulizwi kama aliajiriwa, au kama ni maskini. (Msaada wa TASAF ni mwingine, huo hutazama umaskini wa nyumba.) Yatakiwa awe ametimiza miaka 70, awe na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, tena awe amekaa Zanzibar si chini ya miaka 10 katika utu uzima wake. Dini haimo. Twalisema hili kwa kuwa Wakristo wa Pemba tu wachache, na wengi asili yao ni bara. Mzee mwingine huogopa kwenda kwa sheha, akidhani ataambiwa si wa hapa. Na aende.

Taabu kubwa ni umri. Wengi walizaliwa nyumbani, pasipo karatasi. Basi mwalimu akae naye, amwulize taratibu: Mapinduzi ya Januari 1964 yalikukuta wapi? Kama alikuwa akichunga mbuzi, au ameanza chuo, huenda alizaliwa 1955 au kabla yake. Kama alikuwa akibebwa mgongoni, hakuzaliwa kabla ya 1960, naye hafikii miaka 70 kabla ya 2030. Kitabu cha ubatizo nacho chafaa, ila aliyebatizwa mtu mzima, tarehe ile si ya kuzaliwa kwake.

Tena tazameni majina. Mzee aliitwa jina moja na babaye, akabatizwa kwa jingine, na karani akaandika la tatu. Kwa afisi hao ni watu watatu.

Hapa liko jaribu. Ndugu wa mzee atamjia mwalimu amwombe barua ya kuongeza miaka minne au mitano, na shida yake ni ya kweli, hata moyo wahuruma. Tusiandike. Barua moja ya uongo ikigunduliwa, barua zote za usharika hazitaaminiwa, naye mjane mwenye miaka 74 ya haki, asiye na ushahidi ila neno letu, ndiye atakayerudishwa. Mwenye miaka 66 na asaidiwe na usharika kwa mihogo na samaki mpaka wakati wake ufike.

Wala msingoje miaka 70 itimie. Kitambulisho chenye mwaka au jina lisilo sawa na kipelekwe kusahihishwa mzee angali na miaka 68, miguu yake ikali yambeba mpaka Wete au Chake Chake. Asiyeweza kutembea, mwalimu mwenyewe amwendee sheha amwarifu, kisha arudi amweleze mzee aliyojibiwa, neno kwa neno.