Jinsi ya Kuanzisha Duka la Mtandaoni Linalopokea M-Pesa kwa Kutumia Templeti

Kama unauza kupitia WhatsApp au Instagram, unajua kazi ilivyo. Mteja anauliza bei, unamtumia nambari ya till, analipa, anakutumia skrinishoti, halafu wewe unaanza kupekua meseji uone kama pesa kweli imeingia. Oda zikiwa tano kwa siku, unavumilia. Zikifika hamsini, utachanganya majina.

Tovuti ndogo inayopokea malipo yenyewe inaweza kukutoa kwenye hiyo kazi. Habari njema ni kwamba huhitaji kuandika kila kitu kuanzia mwanzo. Kuna templeti za bure ambazo tayari zina msingi wote. Lakini kuna jambo moja ambalo templeti haikufanyii: haijui kama umelipwa. Sehemu hiyo ni yako, na ukiikosea mzigo utaondoka dukani bila pesa.

Somo hili linamfaa mtu aliyegusa JavaScript kidogo. Kama umemlipa fundi akutengenezee, lisome pia, ili ujue maswali ya kumuuliza kabla hujammalizia malipo yake.

Templeti inakupa nini?

Fikiria kibanda chochote mtaani. Kuna kaunta anapofika mteja, kuna mwenye duka anayefanya uamuzi, na kuna daftari la mauzo. Programu kamili ya wavuti ina sehemu hizo hizo tatu: kurasa anazoziona mteja kwenye simu, seva inayofanya uamuzi, na hifadhidata inayoweka rekodi.

Templeti inakuja na hizo tatu zikiwa zimeunganishwa. Leo tutatumia create-t3-app, ambayo ni ya bure na imejengwa juu ya Next.js.

Hatua ya 1: Washa templeti

Weka Node.js na Git kwenye kompyuta yako. Fungua terminali, kisha andika:

`npm create t3-app@latest`

Utaulizwa maswali machache. Jina la mradi liwe, tuseme, `duka`. Kwenye hifadhidata chagua Prisma pamoja na SQLite, kwa sababu SQLite ni faili moja tu na haihitaji kusetiwa. tRPC na mfumo wa kuingia kwa akaunti unaweza kuziacha kwa sasa. Ikimaliza, andika amri hizi moja moja:

`cd duka`
`npm run db:push`
`npm run dev`

Fungua kivinjari kwenye `http://localhost:3000`. Ukiona ukurasa, duka lako limesimama, ingawa rafu bado ni tupu.

Hatua ya 2: Pata funguo na uzifiche

Safaricom ilifungua Daraja mwaka 2017 ili programu za watu wengine ziweze kuzungumza na M-Pesa. Jisajili kwenye developer.safaricom.co.ke, tengeneza programu ya majaribio, na utapewa Consumer Key na Consumer Secret. Kwa majaribio ya STK Push utatumia nambari ya biashara 174379 pamoja na Passkey yake. STK Push ni ile notisi inayotokea kwenye simu ya mteja ikimwomba PIN.

Funguo hizi ni kama PIN ya biashara yako. Zinakaa kwenye faili ya `.env` peke yake. Templeti ina faili nyingine inayofanana nayo, `.env.example`. Hiyo ni ya kuonyesha majina tu, kwa sababu inapanda GitHub pamoja na msimbo wako. Usiweke siri humo.

Zisajili pia kwenye `src/env.js`, upande wa seva. Ukifanya hivyo, programu itakataa kuwaka kama kuna ufunguo uliosahaulika, na ni afadhali ujue mapema kuliko mteja akiwa anajaribu kulipa.

Chunga jambo hili: jina lolote linaloanza na `NEXT_PUBLIC_` linaweza kufika kwenye simu ya mteja, na yeyote anaweza kulisoma. Siri isipewe jina hilo kamwe. Na ikitokea funguo zimepanda GitHub, kufuta faili hakutoshi, maana historia ya Git inabaki nazo. Omba funguo mpya.

Hatua ya 3: Panga daftari

Fungua `prisma/schema.prisma` na utengeneze jedwali la oda. Kila oda iwe na nambari ya simu, kiasi, hali, CheckoutRequestID na nambari ya risiti. Hali ianze na neno "inasubiri". Weka `@unique` kwenye risiti, ili malipo mamoja yasihesabiwe kwa oda mbili. Kisha rudia `npm run db:push`.

Hatua ya 4: Omba malipo

Mteja akibonyeza "Lipa", seva yako ifanye mambo haya kwa mpangilio:

1. Itafute bei kwenye hifadhidata yako. Isikubali bei iliyotumwa na kivinjari, kwa sababu mtu mjanja anaweza kubadilisha 1,500 iwe 15.
2. Iombe tokeni kutoka Daraja. Tokeni moja hudumu saa moja.
3. Itume ombi la STK Push. Nambari ya simu iandikwe kwa mtindo wa 2547 au 2541 bila alama ya kujumlisha, na kiasi kisiwe na senti.
4. Ihifadhi CheckoutRequestID itakayorudishwa. Hiyo ndiyo itakayokuambia jibu ni la oda gani.

Ndani ya ombi utaweka pia anwani ambako Daraja itatuma jibu la malipo. Anwani hiyo lazima iwe ya HTTPS na ifikike kutoka intaneti. `localhost` haitafanya kazi, kwa hivyo wakati wa majaribio unaweza kutumia huduma kama ngrok.

Hatua ya 5: Usichanganye "ombi limepokelewa" na "pesa imeingia"

Hapa ndipo watu huteleza. Ukituma STK Push, Daraja inajibu mara moja na `ResponseCode` ya 0. Inaonekana kama mambo yako sawa, na fundi mwenye haraka anaandika "Asante, umelipa" hapo hapo.

Lakini 0 hiyo inamaanisha tu kwamba ombi limekubaliwa. Wakati huo mteja huenda hata hajaona notisi. Anaweza kukataa, anaweza kukosa salio, au simu yake ikawa imezima.

Jibu lenyewe huja baadaye kwenye ile anwani yako, likiwa na `ResultCode`. Hizi ndizo utakazokutana nazo mara nyingi:

- 0: malipo yamekamilika, na jibu linabeba kiasi na nambari ya risiti
- 1: salio halitoshi
- 1032: mteja ameghairi
- 1037: simu haikupatikana au mteja hakujibu kwa wakati

Sasa kumbuka meseji feki. Kila mwenye duka anajua kwamba mtu akikuonyesha "Confirmed" kwenye simu yake, unaangalia simu yako mwenyewe kabla ya kutoa mzigo. Tovuti nayo ina meseji feki zake. Mtu akiijua anwani yako ya majibu, anaweza kuitumia jibu la uongo linalosema amelipa.

Kwa hivyo seva yako iwe na tabia ya yule mwenye duka. Jibu likifika, itafute oda yenye CheckoutRequestID hiyo na ilinganishe kiasi. Halafu iiulize Daraja yenyewe, kupitia huduma yake ya kuangalia hali ya malipo, kama kweli yamekamilika. Yote yakilingana, ndipo "inasubiri" ibadilike kuwa "imelipwa". Na kama hakuna jibu lililofika baada ya dakika moja hivi, seva iulize vile vile, maana mtandao nao hukatika.

Jaribu kabla ya kwenda hewani

Fanya majaribio haya, au kaa na fundi wako ayafanye ukiona:

- Ghairi notisi bila kuweka PIN. Oda isiandikwe "imelipwa".
- Funga ukurasa mara tu baada ya kuweka PIN. Oda iandikwe "imelipwa" hata hivyo.
- Tuma jibu lile lile mara mbili. Daftari lionyeshe malipo mamoja.
- Tuma jibu la kubuni. Seva ilikatae.
- Badilisha bei kwenye kivinjari. Seva itumie bei yake.

Yakipita yote, omba kuhamia kwenye mazingira halisi kwa Paybill au till yako, na uanze kwa kujilipa KSh 10. Hamisha pia hifadhidata kutoka SQLite kwenda PostgreSQL, kwa sababu kwenye seva nyingi za kukodi ile faili moja inaweza kupotea programu inapowashwa upya.

Mwisho, nambari za simu za wateja ni data ya kibinafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hifadhi unachohitaji tu. Na tovuti yako isiwe na kisanduku cha kuuliza PIN, hata kwa majaribio. PIN inaingizwa kwenye notisi ya simu ya mteja na si mahali pengine popote. Mteja akizoea hivyo kwako, atajua kukataa tovuti nyingine itakapomwomba.