Maziwa Yanapotoka na Mtoto Hayupo

Mwanamke hana mimba wala hanyonyeshi, lakini maziwa yanamtoka na hedhi imekatika. Katika nyumba nyingi minong'ono huanza hapo: amerogwa, au ametoa mimba kwa siri. Ni dhuluma kumtwisha mgonjwa tuhuma hizo wakati kipimo cha damu kinaweza kuonyesha chanzo.

Kipimo hicho hutafuta prolaktini, homoni ya pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya kunde. Kazi kubwa ya homoni hiyo ni kuyafanya matiti yatengeneze maziwa. Hupanda sana wakati wa ujauzito, na mtoto anaponyonya, hasa usiku, hubaki juu. Ikiwa juu, huzuia mayai kupevuka. Ndiyo maana mama anayenyonyesha vizuri huweza kukaa miezi bila kuona siku zake. Ikipanda pasipo mimba wala mtoto wa kunyonya, hedhi huvurugika na mimba haishiki.

Wanaume nao wanayo. Oscar Riddle wa Marekani, aliyeipa jina mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliifuatilia kwa njiwa, ambao jike na dume wote hulisha makinda maziwa yanayotoka kooni. Mwanamume mwenye prolaktini nyingi hupungukiwa hamu na nguvu za tendo la ndoa, na pengine mbegu pia. Basi mtoto anapochelewa, mume na mke waende kupimwa wote wawili.

Damu huchukuliwa mkononi, lakini saa ina maana kubwa. Prolaktini hupanda usingizini na hushuka taratibu baada ya kuamka. Mbio, kuchezewa chuchu, hata hofu ya sindano, huipandisha. Afadhali mtu apimwe saa mbili au tatu baada ya kuamka, akiwa ametulia kwanza kwenye benchi.

Kwa kawaida mwanamke asiye mjamzito huwa chini ya nanogramu 25 kwa mililita, mwanamume chini ya 20. Maabara nyingine hutumia kizio ambacho namba zake ni kubwa takriban mara 21, kwa hiyo 400 kwenye karatasi moja ni salama na kwenye nyingine ni ugonjwa. Kisomwe kiwango kilichoandikwa pembeni ya jibu. Na jibu lililozidi kidogo, tuseme nanogramu 40, lirudiwe siku nyingine kabla ya mtu kuitwa mgonjwa.

Daktari makini huanza kwa kupima mimba, kisha huuliza dawa. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika, haloperidoli na risperidoni za magonjwa ya akili, zote huipandisha prolaktini. Mgonjwa asiziache bila ushauri. Tezi ya shingo iliyolegea na figo zilizochoka hufanya vivyo hivyo.

Kiwango kikipita nanogramu 200 kwa mililita, mara nyingi kuna uvimbe kwenye pituitari. Neno hilo hutisha, ila uvimbe huu karibu daima si saratani, na wengi hutibiwa kwa vidonge vya kabagolini, mara nyingi mara mbili kwa wiki, bila kupasuliwa. Hedhi hurudi, na mimba huweza kuingia hata kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana. Anayetumia vidonge hivyo amweleze daktari mapema akishuku ni mjamzito.

Kichwa kikiuma mfululizo na macho yakipoteza uoni wa pembeni, aende hospitali siku hiyohiyo: uvimbe unaweza kubana mishipa ya macho. Na kama chuchu inatoa damu, au titi lina kivimbe, achunguzwe titi lenyewe, hata kipimo cha prolaktini kikiwa sawa.