Fundi Akiboresha Pampu, Alipwe Zaidi ya Mshahara?

Anayejua kasoro ya kifaa cha kazi mara nyingi ni yule anayekishika kila siku: fundi wa pampu ya maji, dereva wa ambulensi, mpishi wa hospitali. Je, akileta wazo la kukiboresha, astahili malipo ilhali tayari ana mshahara?

Marekani ilijibu swali hilo kwa sheria ya mwaka 1954. Mtumishi wa serikali ya shirikisho ambaye pendekezo lake linapunguza gharama au kuboresha kazi anaweza kupewa tuzo ya fedha juu ya mshahara. Siku hizi idara yake inaweza kuidhinisha hadi dola 10,000. Kuvuka hapo, hadi dola 25,000, lazima ofisi kuu ya utumishi ikubali. Kuna sharti ambalo ni rahisi kulisahau: akishapokea tuzo, hawezi kudai tena eti wazo lake bado linatumika.

Hapa Kenya, Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inagusa uvumbuzi. Ule uliotokana na kazi ya ajira ni mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Ukiwa na umuhimu wa kipekee, mfanyakazi ana haki ya kulipwa ipasavyo. Lakini toroli ya wagonjwa iliyoongezwa breki haitapewa hataza, na hapo ndipo mawazo mazuri hupotelea. Hayo madogo yanahitaji utaratibu wake: yaandikwe pamoja na tarehe, yajaribiwe, na mwenye wazo ajibiwe hata likikataliwa.