Macho hayana pazia, lakini afya ina saa 72

Kila mwaka, karibu na Oktoba, wakulima wa majani chai wa Mogogosiek, kule Konoin katika Kaunti ya Bomet, husubiri malipo yao ya pili kutoka kiwandani. Wenyewe huyaita bonasi. Hizo ndizo pesa za karo, za mabati na za ng'ombe wa maziwa. Lakini ukweli usemwe: baadhi ya pesa hizo husafiri mjini pamoja na mwenyewe, na huishia katika vilabu vya usiku, vikiwemo vile ambamo wasichana hucheza densi huku wakivua nguo.

Msomaji, huenda wewe ndiwe mwenyeji wa mkulima huyo hapa mjini. Au huenda hujawahi kuchuma jani la chai, ila mshahara wa mwisho wa mwezi hukufikisha pahali papo hapo. Makala haya hayakuandikwa ili kukuhukumu. Hayo ni kati yako, dhamiri yako na mwenzako nyumbani. Somo letu leo ni afya.

Ugonjwa hauingilii machoni

Wahenga walisema macho hayana pazia. Kumtazama mtu akicheza hakuleti maradhi. Virusi vya ukimwi havipiti kwa jasho, kwa kusalimiana wala kwa kiti alichokalia mtu mwingine. Hatari huingia kwa milango mitatu: glasi, chumba cha nyuma, na kimya cha siku zinazofuata.

Mlango wa kwanza: glasi

Chupa moja ya bia ya mililita 500, yenye kileo cha asilimia 5, ina takriban gramu 20 za alkoholi. Ini huhitaji saa mbili hadi tatu kuiondoa. Kahawa, maji baridi au supu ya mbuzi haviliharakishi. Kwa hivyo, anayekunywa chupa nne kati ya saa mbili na saa nne usiku bado atakuwa na kileo mwilini alfajiri. Na kileo hudhoofisha kwanza uamuzi, kabla ya kulegeza miguu. Mtu huamini yuko timamu ilhali ameshaanza kukubali mambo ambayo asubuhi angeyakataa.

Kuna pia ule "mchele" unaosikia ukitajwa, yaani dawa za usingizi zinazotiwa kwenye kinywaji ili mtu aibiwe. Dawa hizi zikichanganyika na pombe hupunguza nguvu ya kupumua na zinaweza kuua. Usidhani anayeziweka ni mchezaji densi tu. Anaweza kuwa bwana mwenye tai aliyeketi meza ya pili. Chupa ifunguliwe mbele yako. Ukienda msalani, usirudie glasi uliyoiacha. Nenda na mtu unayemwamini, nanyi mrudi pamoja.

Mwenzako akilewa ghafla kupita kiasi alichokunywa, akawa haamki, mlaze kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Usimnyweshe maziwa wala usimtapishe. Mwangalie anavyopumua na umpeleke hospitali mara moja. "Mwacheni alale" ni maneno ambayo yameua watu.

Mlango wa pili: chumba cha nyuma

Mchezaji densi yuko kazini. Kulipa kiingilio hakukupi ruhusa ya kumpapasa, na akikataa, amekataa. Ikiwa unashuku kwamba msichana hajatimiza miaka 18, ondoka. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamlinda mtoto, hata akisema amekubali.

Iwapo mambo yatafikia tendo la ndoa, kondomu ni lazima tangu mwanzo hadi mwisho. Tazama tarehe ya mwisho ya matumizi. Usitumie iliyokaa wiki nyingi ndani ya pochi, maana joto na msuguano huidhoofisha. Usiipake mafuta ya kujipaka mwilini. Mafuta hupasua mpira. Kumbuka pia kwamba kaswende na malengelenge ya sehemu za siri huweza kuambukizwa kupitia ngozi ambayo kondomu haikufunika.

Wanaume wengi wa bondeni hujitegemeza kwa tohara. Ni kweli, tafiti zilizofanywa Kisumu, Rakai nchini Uganda na Orange Farm nchini Afrika Kusini, ambazo matokeo yake yalitolewa kati ya 2005 na 2007, zilionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya ukimwi na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Lakini kupunguza si kumaliza. Na mwanamume akishaambukizwa, tohara yake haimkingi mkewe.

Mlango wa tatu: kimya

Huu ndio mlango unaoangamiza wengi. Hebu tuchukue mfano. Mkulima wetu amelala na mtu bila kinga mjini Jumamosi saa tano usiku. Jumapili anasafiri, kichwa kikimuuma. Jumatatu yuko shambani, akijifanya hakuna lililotokea. Jumanne anawaza aende hospitali, lakini anamwonea haya muuguzi, kwa vile ni binamu ya mkewe. Jumanne hiyo hiyo, saa tano usiku, mlango unafungwa.

Kwa nini? Kwa sababu zipo dawa za kuzuia virusi vya ukimwi visijikite mwilini baada ya tukio, ambazo wahudumu huziita PEP. Ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayotangulia ni bora kuliko inayofuata. Humezwa kila siku kwa siku 28. Muuguzi atakupima kwanza, kisha utarudi kupimwa tena hadi miezi mitatu itimie, kwani kipimo cha mapema huenda kisionyeshe kitu. Katika muda huo, tumia kondomu hata nyumbani.

Ikiwa unamwonea haya muuguzi wa kijijini, nenda Litein, Bomet au Kericho. Nauli ya matatu ni nafuu kuliko dawa za maisha yako yote. Anayejua kwamba hujiweka hatarini mara kwa mara na aulizie PrEP, kinga inayotumiwa kabla ya tukio, ambayo Kenya ilianza kuieneza mwaka wa 2017. Usaha, kidonda au maumivu ya kukojoa yakitokea, usinunue vidonge dukani kwa kukisia. Kisonono na kaswende hutibika, ila kila kimoja kwa dawa yake, na mwenzako sharti atibiwe pia.

Na mke je? Hili ni gumu, lakini halikwepeki. Yeye hakwenda klabu. Hakuonja pombe hiyo. Iwapo ni mjamzito au ananyonyesha, maambukizi yanaweza kumfikia mtoto asiyejua bonasi ni nini. Washauri waliopo katika vituo vya kupima virusi watakusaidia kupata maneno ya kumwambia.

Basi msomaji, kabla hujatoka nyumbani, amua ukiwa na akili timamu: utakunywa kiasi gani, utarudi saa ngapi, na nani. Na ukikosea, usihesabu aibu. Hesabu saa.